Kibla ya Kilwa na Nyota Zinazoizunguka

Anayesimama Kilwa Kisiwani na kuelekea kibla huwa ameelekea kaskazini. Si kaskazini ya kukadiria, bali kaskazini yenyewe. Kilwa iko karibu na longitudo ya nyuzi 39 na nusu mashariki, na Makka haifiki hata nyuzi nusu zaidi ya hapo, kiasi kwamba mstari wa kibla na mstari wa ncha ya kaskazini havitofautiani kwa nyuzi moja nzima. Wazee wa pwani hawakuhitaji hesabu hii. Katika Kiswahili chao cha kale neno kibla lilitosha kuitaja kaskazini, na upande wa pili, yaani kusini, uliitwa suheli, kwa jina la nyota. Mwenye kusafiri alikuwa baina ya nyumba ya Mola wake na nyota hiyo, na asingepotea.

Jambo hilo ndilo lililotupeleka Kilwa mwezi wa Julai, sisi wazazi wawili na watoto wetu wawili, tukiwa na kamera, kiweko chake cha miguu mitatu, na soksi iliyojaa mchele, ambayo habari yake tutaieleza. Nia yetu ilikuwa kupiga picha ya michirizi ya nyota. Wasomaji wengi wameziona picha za namna hii kwenye simu zao: mbingu imejaa duara ndani ya duara, kana kwamba mtu amechovya kidole katika nuru na kukizungusha. Karibu zote zimepigwa nchi za kaskazini ya mbali, ambako ncha ya mbingu iko juu sana na nyota huizunguka zikiwa kamili. Sisi tulitaka kujua mbingu yetu, ya watu wanaoishi nyuzi 9 tu kusini ya ikweta, inachora nini.

Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa takriban kilomita 300 kwa njia ya kusini. Mtu huvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, hufika Nangurukuru, kisha huiacha barabara ya Lindi na kushika ya Kilwa Masoko. Hatutairefusha safari hiyo kwa maneno. Yatosha kusema kwamba Dar es Salaam usiku haina nyota ila zile chache zilizoshinda taa, na kwamba mwanetu wa kiume, mwenye umri wa miaka 9, alikuwa hajawahi kuiona Njia ya Maziwa maishani mwake. Baba zake wote kabla yake waliiona kila usiku bila kulipa nauli.

Tulichagua siku za mwisho wa mwezi mwandamo, mbingu inapokuwa na giza tangu Isha hadi Alfajiri. Mwenye kuchagua giza la mwezi huwa amechagua na bamvua pia, kwa kuwa wakati huo maji hujaa sana na kupwa sana, na mashua isiyojua saa yake hulala juu ya matope. Tulivuka alasiri, maji yakiwa yamejaa, katika mashua ya kijana ambaye babu yake alikuwa nahodha. Kibali cha kuingia kwenye magofu usiku tulikwisha kukiomba mapema, na mlinzi mmoja alikuwa nasi muda wote. Tunalisema hili kwa sababu magofu haya si uwanja wa kila mtu kuja na taa zake. Kilwa Kisiwani imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 1981, na kuanzia mwaka 2004 hadi 2014 ilikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa mawimbi yaliyokuwa yakiila pwani na miti iliyokuwa ikizipasua kuta.

Msikiti Mkuu wa Kilwa una sehemu mbili. Ile ya kusini, yenye kuba na matao, ni ya karne ya 14 na inanasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, na ambaye msafiri huyo alimsifu kwa ukarimu wake. Sehemu ya kaskazini ni kongwe zaidi na haina paa tena. Kuta zake za matumbawe na chokaa zimebaki, na katika ukuta wa mbele umebaki mihrabu. Anayekaa humo usiku ana mbingu nzima badala ya dari, na mbele yake ana tao la mihrabu lililoelekea kaskazini.

Hapo ndipo tulipokisimamisha kiweko. Kwanza tulivua viatu. Msikiti uliobomoka ni msikiti, na hatukupenda kuufanya pambo la picha zetu. Hakuna kati yetu aliyejipanga mbele ya kamera. Mlinzi alipotuona tumetandika mkeka pembeni kwa Isha, alisogea akasali nasi.

Kazi ya kupiga picha yenyewe ni ya subira zaidi kuliko ya ufundi. Lenzi pana ndiyo inayofaa, ifunguliwe kadiri inavyoweza, na kamera iwekwe katika hali ya kuongozwa kwa mkono, si ya kujiamulia yenyewe, kwa kuwa kamera inayojiamulia huona giza tu na kuhangaika. Ulengaji hufanywa kwa kutafuta nyota moja yenye kung’aa, kuikuza kwenye kioo cha nyuma, na kuzungusha pete ya lenzi mpaka nyota iwe nukta; kisha pete hubandikwa kwa utepe isiguswe tena. Wapo wanaoacha kamera wazi kwa saa nzima katika picha moja. Sisi tulifuata njia inayopendwa siku hizi: picha nyingi za sekunde 30 kila moja, zikifuatana kwa nafasi ya sekunde moja, zikapata 240 kwa muda wa saa mbili hivi. Baadaye programu ya kompyuta, nayo ipo ya bure kama vile StarStaX, huzilaza picha hizo moja juu ya nyingine na kuchukua katika kila mahali nuru iliyo kali kuliko zote. Nukta 240 hugeuka kuwa mstari mmoja. Faida yake ni kwamba mtu akipita na tochi katika picha ya 90, unaitoa hiyo moja, na usiku wako haukuharibika. Simu nyingi za sasa nazo zinaweza, ilimradi ziegemezwe juu ya jiwe lisilotikisika na zisiguswe.

Ama mchele, huo ni kwa ajili ya umande. Lenzi inayoitazama mbingu usiku wa pwani hupoa na kulowa kama kioo cha dirisha, na baada ya saa moja nyota zote huwa ukungu. Mama watoto alipasha mchele mkavu moto nyumbani kwa wenyeji wetu, akautia katika soksi safi, akaufunga kwenye lenzi kama mtu anayemfunga mtoto shingo. Ulidumu na joto muda wa kutosha. Tumeona vifaa vya umeme vya kazi hii vikiuzwa kwa bei isiyo na huruma, na tunapendekeza mchele.

Nyota hazikimbii, tunaokimbia ni sisi. Dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa, na ardhi ya Kilwa kwa sababu hiyo huenda upande wa mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kila saa, pamoja na msikiti, kiweko, na mlinzi anayesinzia. Nyota iliyo juu ya ikweta ya mbingu husogea upana wa mwezi mzima kila dakika mbili. Jicho halilioni hilo kwa kuwa halina kumbukumbu, ila kamera inayo. Ina na jambo jingine ambalo jicho limenyimwa gizani, nalo ni rangi. Nyota ambazo tuliziona nyeupe zote ziliacha michirizi ya buluu, ya manjano, na ya rangi ya kaa la moto. Za buluu ndizo zenye joto kubwa zaidi, na zile nyekundu ndizo za joto dogo, kinyume cha mabomba ya bafuni.

Picha iliyotoka ilikuwa hii. Kwetu nyota ya kaskazini, ambayo mabaharia wetu waliiita Jaa, haionekani. Imezama nyuzi 9 hivi chini ya upeo wa macho. Nyota nyingine za upande huo bado zinaizunguka ncha, ila tunachokiona ni nusu ya juu tu ya kila duara. Kwa hiyo juu ya ukuta wa mihrabu hapakuwa na duara hata moja. Palikuwa na matao. Tao juu ya tao, yakianzia kulia yanakochomoza na kushukia kushoto yanakozama, la chini dogo na la juu pana, na katikati yake yote, chini kabisa, tao la mawe lililojengwa na mafundi ambao majina yao hayajulikani. Nyota angavu zaidi katika picha ni ile ambayo Wazungu huiita Vega, na jina hilo wamelichukua kwetu, kutoka an-Nasr al-Waqi‘, tai anayetua. Ilipita juu ya mihrabu karibu na saa tano na robo usiku.

Majina hayo yanastahili neno. Fomalhaut, Achernar, Aldebaran, Rigel, Altair: kitabu cha nyota cha Kiingereza kimejaa Kiarabu kilichopindapinda. Abd al-Rahman al-Sufi aliandika kitabu chake cha sura za nyota yapata mwaka 964, akizichora kundi baada ya kundi na kuzipima mwangaza wake. Ulugh Beg huko Samarkand alikamilisha orodha ya nyota zaidi ya 1,000 mwaka 1437. Hawakuwa wapiga ramli. Walitaka nyakati za sala, kibla, mwanzo wa miezi, na njia baharini, na Qur’ani katika Sura ya Al-An‘am, aya ya 97, imeyataja manufaa hayo ya nyota katika giza la bara na bahari. Tunalisisitiza hili kwa sababu wapo katika jamii yetu wanaomwona kijana ametazama juu usiku wakadhani anajifunza utabiri, wakamkataza, na kumbe wamemkataza elimu.

Tulirudi kwa mwenye mashua karibu na saa saba, na babu yake alikuwa macho. Ana zaidi ya miaka 80. Ujanani alisafiri kwa majahazi ya boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji, na safari ya mbali zaidi aliyofika ni Mukalla. Tuliposhika mkono wake na kumwamkia, aliuliza kwa nini watoto hawajalala. Binti yetu, aliye kidato cha pili, alimweleza kwamba tulikuwa tukipiga picha za nyota.

“Nyota hazipigwi picha, mjukuu wangu,” alisema. “Nyota zinafuatwa.”

Kisha akaeleza, bila uchungu, kwamba yeye mwenyewe hazioni tena. Macho yana mtoto wa jicho, yote mawili. Mwezi anauona kama taa nyuma ya pazia, Zuhura anaikisia, na nyinginezo zimekwisha miaka michache iliyopita, zile ndogo kwanza, mithili ya watu wanaoondoka mmoja mmoja kwenye baraza. Tulimuuliza kuhusu hospitali. Mjukuu wake alijibu kwa niaba yake kwamba babu amekwisha kuandikiwa kupasuliwa na amekataa mara mbili. Mzee akanyamaza, na sisi tukanyamaza.

Usiku wa pili tuliigeuza kamera kuelekea suheli. Hatukwenda msikitini, tulikaa ufukweni, penye upeo ulio wazi zaidi, na mzee akaomba aletwe. Alikalishwa juu ya kiti cha kamba, amejifunika shuka, mgongo kwa ukuta. Upande huu ncha ya kusini iko juu ya upeo, lakini juu kidogo tu: nyosha mkono wako mbele, kunja ngumi, iweke juu ya mstari wa bahari, na hapo inapoishia ngumi ndipo mbingu yote ya kusini inapogeukia. Hakuna nyota yenye kung’aa mahali hapo. Mabaharia wa kale walipima kwa vidole, kidole kimoja kikiwa zaidi kidogo ya nyuzi moja na nusu, au kwa kibao kilichofungwa uzi wenye mafundo. Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar, aliyaandika mambo haya katika karne ya 15, na katika mashairi yake imo njia ya bahari kuja pwani yetu mpaka Sofala. Husimuliwa mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498. Wanahistoria wengi wamekwisha kuliacha dai hilo, na ni afadhali. Miaka saba baadaye meli za Kireno ziliiteka Kilwa, na mtu mwenye elimu ile hakustahili kubebeshwa mzigo huo.

Mzee hakuuliza habari za kamera. Aliuliza saa. Tulipomwambia ni saa mbili na nusu, alinyosha mkono upande wa kaskazini, juu ya mikoko, akasema Farkadani wako hapo, chini kabisa, vidole vitatu au vinne. Binti yetu aliangalia. Walikuwapo hapo. Akaendelea kuzunguka mbingu kwa mkono wake uliokuwa ukitetemeka, akitaja, na yeye haoni: Banati Naashi wanashuka upande wa magharibi wa kibla, Akrabu amesimama karibu na utosi na moyo wake mwekundu. Kila alipoelekeza, palikuwa na kilichotajwa. Mwanetu mdogo aliyechoka na kulala alifumbua macho na kuuliza kama babu anaona gizani.

Suheli yenyewe katika mwezi wa Julai huchomoza Kilwa baada ya saa kumi za usiku, upande wa kusini-mashariki. Tulingoja. Chai ilikwisha. Ilipotoka majini, ilikuwa nyekundu kwa ajili ya hewa nzito ya upeoni, kisha ikajisafisha kadiri ilivyopanda. Mzee alielezwa kwamba imetoka. Alishusha pumzi na kusema kwamba mara ya kwanza alipomwona Jaa akiibuka kutoka baharini, jahazi lilikuwa limekwisha kuipita Mogadishu, na kijana mwenziwe alilia kwa kuwa Suheli alikuwa amezidi kuinama nyuma yao, na kwao kulikuwa huko.

Muda mfupi baadaye mashariki palitokea nuru, ndefu, iliyosimama kama mkia wa mbwa mwitu. Hii ndiyo alfajiri ya uongo, ambayo vitabu vya fikihi huitaja na ambayo mtu wa mjini huisoma maisha yake yote bila kuiona. Ni mwanga wa jua unaogonga vumbi lililotawanyika baina ya sayari, na karibu na ikweta husimama wima, kwa hiyo sisi ndio wenye nafasi nzuri ya kuiona. Haienei, wala haiharamishi chakula cha mfungaji. Ilififia chini pale nuru ya kweli ilipotanda mlalo juu ya upeo, na hiyo ndiyo iliyotufungia kamera. Mwadhini alikuwa tayari amesimama.

Mchana tuliziunganisha picha kwenye kompyuta ndogo, umeme ukiwa wa sola ya jirani. Mzee aliletwa kwenye kioo kwa kuombwa na mjukuu wake, si kwetu. Alikisogelea mpaka pua ikawa karibu kukigusa. Michirizi ilikuwa minene, tumeikuza, na kioo kilikuwa kimeongezwa mwanga hadi mwisho. Akawa anafuata mstari mmoja kwa kidole, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kama mtu anayesoma msahafu wa maandishi makubwa. Akasimama. Akauliza huu ni nani, na kabla hatujajibu akajijibu.

Alisoma picha nzima namna hiyo kwa zaidi ya saa moja. Binti yetu aliandika katika daftari lake la jiografia. Majina mengine tuliyatambua. Mengine matano ni ya Kiswahili cha mabaharia, na hakuna kijana wala mtu mzima tuliyemuuliza kijijini aliyewahi kuyasikia. Hatuyachapi hapa, kwa kuwa binti anataka kwanza kurudi naye juu ya kila moja mbinguni, nyota yenyewe ikiwapo, asije akaandika jina juu ya nyota isiyo yake. Kazi hiyo inahitaji mzee anayeona. Hilo alimwambia yeye mwenyewe, usoni, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka, jambo ambalo sisi wazazi tusingethubutu. Mzee alicheka sana. Hakusema ndiyo.

Tulichapisha picha mbili kubwa mjini, ya kibla na ya suheli, tukazituma kwa basi la Masoko. Mjukuu alipiga simu baada ya wiki mbili. Picha zimetundikwa, moja ukuta wa kaskazini na moja wa kusini, kila moja mahali pake, na babu amelalamika kwamba Kilimia hakimo katika yoyote. Ni kweli, kwa kuwa Kilimia hutokea upande wa mashariki, na mwezi wa Julai huchomoza saa nane na nusu usiku, wakati kamera yetu ilikuwa imeelekea kwingine. Amesema turudi tukipige, na tusije siku za mbalamwezi. Kuhusu macho, ameuliza kupasuliwa huchukua siku ngapi.